Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuandika Riwaya, kwa Waandishi wa Mtwara na Lindi

Maswali yaliyomo humu yametokana na vikao vya kusomeana miswada tunavyovifanya Mtwara mjini, na mengine yameletwa na waandishi wa Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea ambao huja tunapokutana au hututumia kurasa zao. Majibu ni ya msomaji mmoja wa miswada hiyo, kwa hiyo mwandishi anayeona vinginevyo ana haki ya kushikilia lake, mradi awe amelijaribu katika kurasa zake mwenyewe.

Nina kisa kizuri sana. Je, kisa hicho kinatosha kuwa riwaya?

Kwa kawaida hakitoshi, na hili ndilo jambo linaloiangusha miswada mingi kuliko lugha mbovu au makosa ya tahajia. Tuchukue mfano mmoja ambao tutaurudia mara kadhaa. Somoe, binti wa miaka 19 wa kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba, anauza kwa kangomba, yaani kienyeji nje ya mnada na kabla ya mavuno, korosho za baba yake zingali maua mtini, ili apate ada ya mdogo wake. Hicho ni kisa, na barazani kinasimuliwa kikaisha kabla kahawa haijapoa.

Kisa hicho kinaanza kuwa riwaya pale tunapojiuliza ni nini ambacho, baada ya tendo hilo, hakiwezi tena kubaki kama kilivyokuwa. Mnunuzi atakuja kudai magunia yake msimu ukifunguliwa. Baba hajui lolote, naye ameshamwahidi kaka yake kwamba malipo ya mnada ndiyo yatakayoezeka nyumba ya marehemu mama yao. Somoe atalazimika kudanganya, uongo wake utahitaji shahidi, na shahidi aliye karibu ni binamu yake ambaye ni karani wa mizani katika chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji. Binamu akikubali kuandika kilo zisizokuwepo, ameiweka kazi yake rehani, na tangu hapo ana haki ya kumdai Somoe kitu ambacho Somoe hakukitarajia. Kila hatua imezaliwa na hatua iliyotangulia, na hakuna hata moja iliyodondoka kutoka mbinguni.

Kuna njia rahisi ya kuupima mswada wako. Chukua sura ya sita na sura ya tisa, kisha ujaribu kuzibadilishana nafasi. Ikiwa zinabadilishana bila kuharibu chochote, umeandika matukio yaliyopangwa foleni, na bado hujasuka riwaya. Ajali ya gari, ugonjwa wa ghafla na mjomba tajiri anayerudi kutoka Dar es Salaam katika sura ya kumi na mbili vinaruhusiwa kumwingiza mhusika matatani, lakini visitumike kumtoa, kwa sababu msomaji ataona kwamba mwandishi amechoka.

Nimjueje mhusika wangu kabla ya kuanza kuandika?

Mwandishi mmoja alituletea kurasa tatu za sifa za mhusika wake: urefu, rangi, kabila, chakula akipendacho. Tulipomwuliza mhusika huyo anaogopa nini, hakuwa na jibu. Yatosha kujua mambo matatu kabla ya kuanza: mhusika anataka nini wiki hii, anaficha nini, na ni nani ambaye hawezi kumtazama usoni akiwa anadanganya. Somoe anataka ada ya mdogo wake, anaficha fedha za kangomba katika pindo la kanga, na hawezi kumtazama bibi yake mzaa mama. Yaliyobaki utayajua ukiwa njiani, na mengine yatakushangaza wewe mwenyewe.

Riwaya ianzie wapi?

Miswada mingi inayotufikia huanza jogoo akiwika, jua likichomoza na mhusika akijinyoosha kitandani. Mwandishi anakuwa bado anatafuta kalamu inavyokwenda, na hakuna ubaya katika rasimu ya kwanza, ila kurasa hizo zinapaswa kufutwa baadaye. Anzia siku ambayo mambo yanageuka. Kwa Somoe ni siku anayopokea fedha chini ya mkorosho, maua yakiwa bado hayajafunga, na mnunuzi akihesabu noti taratibu huku akiutazama mti kana kwamba umeshakuwa wake. Habari za marehemu mama yake baba, za shamba lilivyopatikana na za ugomvi wa baba na kaka yake zitaingia baadaye kwa vipande vidogo, pale tu msomaji atakapokuwa anazihitaji.

Nisimulie kwa nafsi ya kwanza au ya tatu?

Nafsi ya kwanza huleta ukaribu, lakini hukufunga: msimulizi hawezi kueleza kilichosemwa katika ofisi ya chama ikiwa hakuwepo. Nafsi ya tatu hukupa uhuru, nao uhuru huo hutumiwa vibaya na waandishi wengi, wanaoruka kutoka kichwa cha Somoe kwenda cha baba na cha mnunuzi ndani ya aya moja. Shika mtu mmoja kwa kila onyesho, na ukitaka kuhamia kwa mwingine, acha nafasi au anza sura mpya.

Nafsi ya tatu katika Kiswahili ina mtego wake ambao vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havitakuonya. Tazama sentensi hii: "Alimwambia kwamba alimwona akimpa fedha zake." Nani alimwambia nani, nani alionekana, na fedha ni za nani? Kiambishi "a-" hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mtendaji huyu na yule, kwa hiyo onyesho lenye wanawake watatu jikoni linaweza kumpoteza msomaji kwa mistari miwili tu. Dawa yake ni kumtaja mtu kwa jina, kwa udugu au kwa kazi kila mtendaji anapobadilika (Somoe, shangazi, karani), bila kuogopa marudio. Tena usiwape wahusika wako majina ya Hadija, Halima na Habiba katika riwaya moja. Mtego huohuo, kwa upande mwingine, ni zawadi kwa anayeandika riwaya ya upelelezi: mtu anaweza kuonekana gizani akivuka ua, akainama, akachukua kitu na kuondoka, na msomaji asijue hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke, bila mwandishi kudanganya hata neno moja.

Kwa nini wasomaji wangu husema usimulizi wangu unachosha, ilhali matukio ni mengi?

Mara nyingi tatizo huwa katika viambishi vya njeo, yaani vinavyoonyesha wakati na hali ya tendo. Kiswahili kimetupa "-ka-", chombo chepesi kuliko vyote vya kusimulia, ambacho hufunga tendo na tendo lililotangulia: "Somoe alifungua sanduku, akatoa bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka." Sentensi hiyo inakwenda vizuri. Lakini ukiandika kurasa nne mfululizo za "akaenda, akafika, akakaa, akala, akalala", unakuwa umeandika maelezo ya shahidi kituo cha polisi, kwa sababu kila tendo limepewa uzito uleule na mwendo uleule.

Jifunze kuusimamisha mnyororo. Baada ya "akatoka", andika: "Nje baba alikuwa akinoa panga. Hakuinua uso." Hapo "alikuwa akinoa" imetuonyesha hali iliyokuwepo tayari kabla Somoe hajafungua mlango, na "hakuinua uso" imetuachia swali la kama anajua. Tumia "hu-" kwa mazoea, kama vile "Bibi hulala mapema siku za mvua", ili siku ambayo bibi hakulala ionekane wazi. Tumia "-me-" unapotaka msomaji akute matokeo bila kuona tendo: "Sanduku limefunguliwa." Mwandishi anayesoma aya yake na kupigia mstari kila kiambishi cha njeo ataona mwenyewe mahali ambapo mwendo umekuwa wa aina moja, na ataweza kurekebisha bila kuongeza tukio hata moja.

Wahusika wa Kusini wazungumze Kiswahili sanifu au wazungumze kama tunavyozungumza?

Usimulizi uwe sanifu. Mazungumzo yawe ya watu. Hata hivyo, usijaribu kuandika kila tamko la Mmakonde au la mzee wa Kilwa kama linavyosikika, kwani msomaji wa Tanga au wa Mombasa atakwama, na msomaji wa Newala atadhani anachekwa. Neno moja la mahali pake lililowekwa panapostahili, kama ming'oko, uraka au mabibo, hufanya kazi kubwa kuliko ukurasa mzima wa matamshi. Usilifafanue katika mabano. Liweke katika sentensi inayolieleza, kwa mfano watoto wanaochimbua ming'oko porini na kurudi na mikono yenye udongo.

Adabu ya kuamkiana nayo ni sehemu ya mazungumzo. Binti anayemwendea baba yake na swali bila "shikamoo" amesema jambo zito kabla hajauliza, kwa hiyo salamu inayokosekana itumike kwa makusudi. Watani pia ni hazina isiyotumika ipasavyo: mtani aliyekuja msibani anaruhusiwa kusema mbele ya wafiwa jambo ambalo ndugu hawathubutu kulinong'ona, na mwandishi mwenye akili atampa huyo ule ukweli ambao familia nzima inaukwepa.

Mazungumzo mazuri huficha. Tazama haya:

"Shikamoo, baba. Eti mizani itafunguliwa lini mwaka huu?"

"Marahaba. Na wewe umeanza lini kuulizia mizani?"

Hakuna aliyetaja fedha, na hakuna aliyekasirika, lakini msomaji anayejua kilichotendeka chini ya mkorosho atashtuka. Mwandishi ambaye angemfanya Somoe aseme "Baba, nina wasiwasi kwa sababu niliuza korosho zako" angekuwa ameimaliza riwaya katika sura ya pili.

Je, wahusika lazima wahamie Dar es Salaam ili riwaya iwe na uzito?

Hapana. Ninakiri kwamba swali hili huniudhi kidogo, kwa sababu huulizwa na watu wanaoishi mahali ambapo mfumo mzima wa uchumi ni taharuki tupu. Fikiria mkulima anayepeleka korosho zake chama cha msingi chini ya stakabadhi ghalani: zinapimwa, zinapangwa kwa madaraja, zinapelekwa ghala kuu, mnada unafanyika, kisha anasubiri fedha ziingie benki. Kati ya mizani na malipo kuna siku ambazo ametoa mali yake yote na mkononi ana karatasi tu. Siku hizo zimejaa ahadi, mikopo ya dukani, ndoa zilizopangwa na uongo. Kangomba yenyewe imepigwa marufuku, kwa hiyo Somoe hawezi hata kwenda kushtaki akidhulumiwa. Mjini ungetafuta wapi kifungo kama hicho?

Mandhari hayo hayahitaji sifa. Harufu ya salfa inayobaki kwenye nguo za anayepuliza mikorosho, au safari ya kuteremka bondeni kufuata maji katika vijiji vya uwanda wa Makonde, vina maana pale vinapomgusa mhusika. Somoe akitaka kuzungumza na binamu yake faraghani, njia ya maji ndiyo mahali pa kufanyia hivyo, na mzigo kichwani ndio unaopima muda wa mazungumzo.

Ninaruhusiwa kuandika mambo ya jando na unyago?

Swali hili huleta ubishi kila linapoulizwa. Yanayofundishwa ndani yana wenyewe, na mwandishi aliyepita humo anajua aliahidi nini. Maoni yangu ni kwamba riwaya haipati nguvu kwa kuanika nyimbo na mafumbo ya kungwi ukurasani, na ninapoona mswada unaofanya hivyo huwa nahisi mwandishi anamwandikia mgeni anayepita, ambaye atashangaa kisha aende zake.

Upande wa nje ndio wenye utajiri. Mwandikie mama anayehesabu gharama za sherehe na kuona hazitoshi, baba anayesubiri habari za mwanawe aliye porini, rafiki mwenye umri uleule ambaye hajapelekwa, au binti aliyerudi na ambaye sasa hajibu maswali ya mdogo wake kama zamani. Ukimya wa binti huyo utamshika msomaji kwa muda mrefu, kwa sababu anajua upo mlango ambao hajafunguliwa. Ikiwa hadithi yako inadai kwa lazima uingie ndani, zungumza kwanza na mzee mwenye mamlaka hayo katika ukoo wako, na uwe tayari kuambiwa hapana.

Ninataka kuandika riwaya ya historia ya Kusini. Nizingatie nini?

Zingatia kwamba tarehe ni mifupa na kazi yako ni nyama. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia katika milima ya Matumbi, vimeandikwa sana kwa upande wa viongozi. Riwaya inaweza kumtafuta mtu aliyelazimishwa kulima pamba ambayo haimlishi, na asubuhi moja akaona jirani zake wakiing'oa. Kuna pia Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na kiunzi kikubwa kilichotokana na mifupa hiyo kimesimama hadi leo katika jumba la makumbusho Berlin. Mpagazi aliyebeba kipande cha mfupa wa mguu kichwani alimweleza nini mkewe aliporudi nyumbani? Hilo ni swali la mwandishi wa riwaya. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulizaa bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa. Mtoto aliyezaliwa treni ikipita na akakua bila kuiona tena anaweza kubeba riwaya nzima.

Jihadhari na vitu vilivyowekwa kabla ya wakati wake. Mhusika wa 1995 hawezi kuvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Atasubiri kivuko cha Ndundu, na mvua zikiwa kubwa huenda akalala njiani, jambo ambalo kwa mwandishi ni bahati. Mkulima wa 1990 hawezi kuzungumzia stakabadhi ghalani, wala msafiri wa 2005 hawezi kwenda Msumbiji kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010. Waulize wazee, lakini waulize bei ya sukari, nguo walizovaa na chakula walichofungasha, kwa kuwa mambo makubwa utayapata katika maandishi.

Mimi ni mkulima na nina familia. Nitapata wapi muda?

Hesabu kabla ya kukata tamaa. Maneno 300 kwa siku ni kama ukurasa mmoja. Ukiandika siku tano kwa wiki unapata maneno 1,500, na wiki 40 zinakupa maneno 60,000, ambayo ni riwaya kamili. Panga wiki hizo kwa kalenda yako mwenyewe. Kipindi cha kupuliza mikorosho, na kile cha kuokota kinachoanzia Septemba au Oktoba, usijidanganye kwamba utaandika. Tumia daftari dogo kuandika ulichosikia. Miezi ya mvua, watu wanapokaa ndani, ndiyo ya rasimu.

Wengi wetu tunaandika kwa simu, na hakuna aibu. Ila tuma nakala kwenye barua pepe yako kila Jumapili. Niliwahi kupoteza sura tano simu ilipozama baharini nikipanda mtumbwi, na nilipoziandika upya hazikurudi zilivyokuwa.

Riwaya iwe na maneno mangapi?

Kati ya 40,000 na 80,000 kwa riwaya ya kwanza. Iliyo fupi zaidi huenda ni hadithi fupi iliyonyooshwa.

Nitumie methali nyingi ili kupamba lugha?

Methali iwe ya mhusika, na iwe na shabaha. Bibi akimwambia Somoe "Njia ya mwongo ni fupi" bila kujua alichofanya, methali hiyo inachoma. Msimulizi akiisema mwenyewe mwishoni mwa sura, imekuwa pambo la ukutani.

Je, riwaya ya Kiswahili ni lazima imalizike kwa funzo?

Tumelelewa na ngano ambazo mwisho wake mtoto huulizwa amejifunza nini, na desturi hiyo ni njema kwa mtoto. Msomaji wa kurasa 250 ameshakaa na Somoe muda mrefu, na ukimgeukia katika aya ya mwisho kumweleza madhara ya udanganyifu, unamwambia kwamba hukumwamini. Maliza kwa tendo. Labda baba anaipokea karatasi ya mizani, anaisoma, anaikunja mara mbili na kumwomba Somoe amletee maji ya kunywa. Msomaji ataamua kama baba amejua.

Nisahihishe vipi rasimu ya kwanza?

Iache angalau mwezi mmoja, kisha uisome kwa sauti. Sikio hushika sentensi ambayo jicho limeisamehe. Katika mzunguko wa kwanza usiguse tahajia. Tafuta sura ambazo hakuna anayetaka kitu, uzifute au uziunganishe. Mzunguko wa pili ni wa viambishi na majina, kama ilivyoelezwa hapo juu. Tahajia iwe ya mwisho kabisa, ukiwa na kamusi karibu. Mpe mswada msomaji asiyekupenda sana, na umwombe akuonyeshe tu mahali alipotaka kuacha kusoma. Ushauri wake wa namna ya kurekebisha unaweza kuukataa, lakini mahali alipopaonyesha pana ugonjwa.

Nikimaliza, niulinde na kuupeleka wapi mswada?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ni yako tangu kazi inapoandikwa, nayo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kujisajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inayojulikana kwa jina la COSOTA, husaidia pakitokea mgogoro. Ukichapisha mwenyewe, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Miswada ambayo haijachapishwa inaweza pia kushindanishwa: kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, hasa idadi ya maneno na namna ya kuficha jina la mwandishi, maana mswada mzuri unaweza kutupwa kwa kosa la ukurasa wa kwanza.

Mchapishaji ameniomba nilipe ili anitolee kitabu. Nikubali?

Mwulize kwanza nakala ngapi zitachapwa, nani atazimiliki, zitauzwa wapi na haki za kazi zitabaki kwa nani, kisha umwombe ayaandike yote hayo kabla hujatoa fedha. Anayelipa gharama zote za uchapaji anapaswa kumiliki nakala zote na haki zote. Ukiona mkataba unakutoza fedha na bado unachukua haki zako kwa miaka mingi, rudisha mswada nyumbani, upeleke kwa mpiga chapa wa kawaida akupe bei ya nakala 100, na uanze kuziuza stendi, shuleni na misikitini au makanisani ambako watu wanakujua kwa jina.